Moyo wa Watu Kumi na Mmoja

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, Rifaat Bayumi alikuwa amekaa kwenye mkahawa unaotazamana na lango la hospitali, mjini Tanta, anavuta shisha yake taratibu na kuingoja riziki ipite. Kwenye meza ya jirani alikaa mama mnene mwenye sare nyeupe ya uuguzi. Mkono wake wa kulia ulishika mkate wa ful, maharage ya kupondwa. Mkono wa kushoto aliutupa mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila kupumzika.

"Sista," Rifaat akamwambia kwa upole, "nzi wameshaondoka."

"Sifukuzi nzi. Natembea."

Rifaat akainama kidogo, akachungulia chini ya meza. Miguu ya mama yule ilikuwa imetulia tuli, na kiatu kimoja kilikuwa kimevuliwa.

"Unaelekea wapi?"

"Ras al-Barr," akajibu yule mama, akaendelea kutafuna.

Hapo Rifaat akaiweka shisha chini. Ni haki yake tuseme mapema kwamba hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa hayupo, na Rifaat kwa miaka thelathini hakuwahi kumchukulia mtu kitu chochote ila mwenyewe awepo, anatabasamu, na mara nyingi anashukuru. Alikwisha kuuza majani ya kupunguza unene kule Damanhur, na bangili za shaba za kutuliza moyo kule Damieta. Hapo Tanta penyewe aliuza fedani arobaini za ardhi ya jangwani kwa watu saba, kila mmoja fedani zile zile. Ardhi ilikuwepo kweli. Jambo hilo alilikazia sana mbele ya hakimu.

Mama yule alikuwa Sista Inshirah, mkuu wa wauguzi wa wodi ya moyo, ghorofa ya tatu. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto palikuwa na bangili nyeusi ya mpira yenye kijitaa. Akaeleza. Idara ya afya ya mkoa ilikuwa imegundua kwamba watu wanaowahimiza wagonjwa wafanye mazoezi wao wenyewe hupanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza. Kwa hiyo kila mtumishi alipewa bangili, na bangili ikaunganishwa na programu kwenye simu yake. Inahesabu hatua, inasoma mapigo ya moyo, na kila jioni inapeleka habari zako idarani. Atakayefikisha hatua elfu kumi kwa siku, siku arobaini mfululizo, atapewa likizo ya wiki mbili na nyumba ya idara iliyo ufukweni Ras al-Barr, yeye na familia yake, mwezi wa Julai.

"Nina mabinti wanne," akasema Inshirah. "Mdogo ana miaka kumi na mbili. Bahari anaijua kwenye kalenda."

"Na wewe umefikisha ngapi?"

"Jana elfu mbili mia tisa. Na jana nilikwenda harusini, nikacheza."

Rifaat akaisogelea meza yake. "Sista, hiyo bangili inajua imevaliwa na nani?"

"Inajua jina langu."

"Jina lako inalijua. Na mkono wako je?"

Inshirah akaacha kutafuna.

Kabla ya adhuhuri Rifaat alikuwa amekwisha kuwa Kapteni Rifaat, mkufunzi mstaafu, mwenye kikosi cha makomando waliotoka jeshini ambao wasipokimbia hawapati usingizi. Kwa ada ndogo ya kila wiki, makomando wangezivaa bangili asubuhi na kuzirudisha alasiri. Wodi ya moyo ilileta bangili kumi na moja: ya Sista Inshirah, za wauguzi wake sita, za makarani wawili, ya mfamasia, na ya Daktari Fikri, bingwa wa moyo, mtu aliyewakataza nusu ya mji kuvuta sigara huku mwenyewe ameishika. Daktari Fikri aliuliza swali moja tu.

"Hao makomando wana afya?"

"Pasha wangu," akasema Rifaat, "mioyo yao chuma."

Makomando hawakuwepo, bila shaka. Makomando wanakula. Siku ya kwanza Rifaat alizipeleka bangili kwa shemeji yake mwenye kiwanda cha peremende, akazitumbukiza kwenye sufuria kubwa ya shaba inayozunguka kutwa kuzipaka dengu sukari. Jioni programu ikampongeza Sista Inshirah kwa hatua elfu kumi na nne, ikaongeza kwamba moyo wake haukupiga hata mara moja tangu asubuhi, na ikamshauri apumzike. Siku ya pili alizifunga kwenye miguu ya punda wa muuza kabichi. Daktari Fikri akaambiwa ana mapigo machache na mazito ya mwanariadha mkubwa. Alifurahi, akamwonyesha mkewe. Lakini punda ana siku zake za kazi na siku zake za kufikiri, na siku ya tatu aliamua kufikiri.

Rifaat akakaa, akapiga hesabu ya njia zote, akaona imebaki moja. Siku ya nne, hesabu ya siku arobaini ikianza upya, akavaa bangili sita mkono wa kushoto na tano mkono wa kulia, akashusha mikono mirefu ya kanzu yake, akatoka. Ndivyo lilivyotokea jambo ambalo wazee wa kazi hii hawajawahi kulisikia: tapeli akaanza kufanya kazi.

Alianzia mkahawani, akapita stesheni, akaingia soko la peremende, akauzunguka msikiti mkubwa mara tatu, akarudi. Elfu kumi. Kesho yake tena. Miguu ilivimba, viatu vikachanika, na watu waliomdai zamani wakashindwa kumpata kwa sababu hakai mahali pamoja. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa halali kabisa. Angeweza kumwambia mama yake.

Mara moja moja, katikati ya soko, giza lilimjia machoni. Dunia ilikwenda mbali, kelele za wachuuzi zikafifia, kisha vyote vikarudi mahali pake. Alilaumu jua. Alilaumu ful ya asubuhi. Mwisho akatulia kwenye husuda, maana mtu anayefanikiwa haachi kutazamwa.

Sasa tumwache Rifaat sokoni, anahema, tupande ghorofa ya tatu.

Siku ya kumi na saba Daktari Thurayya, msimamizi wa mradi kule idarani, alipiga simu wodini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. Alikuwa na watumishi kumi na mmoja wa wodi moja, akasema, ambao jana saa tano na dakika arobaini na mbili mioyo yao ilisimama sekunde nne, yote kwa pamoja, kisha ikaanza tena yote kwa pamoja. Na juzi vilevile. Alishaagiza maji ya hospitali yapimwe. Akaamuru wote kumi na mmoja wapimwe moyo saa hiyo hiyo.

Walipimwa. Walikuwa wanene, wamechoka, wana mafuta kwenye damu, na mioyo yao ilipiga sawasawa kama saa ya ukutani.

Wakakutana kwenye chumba cha kufulia, mahali pekee hospitalini ambapo mkubwa haingii, huku Ami Wadii, mfuaji, anapiga pasi mashuka na kujifanya hasikii. Daktari Fikri alitandaza karatasi za mapigo zilizotoka kwenye bangili juu ya meza ya pasi.

"Huyu ni mtu mmoja," akasema. "Kumi na moja zote ni mtu mmoja."

"Bangili zinarudi zina joto," akasema Inshirah. "Na zote zinanukia marashi yale yale. Ya Kapteni."

"Anazivaa mwenyewe?" Fikri akapandwa na hasira. "Tapeli mkubwa! Alituambia makomando!"

Wote wakakubaliana kwamba wametapeliwa, na kwa muda fulani walijisikia watu waaminifu sana. Kisha Fikri akarudisha macho kwenye karatasi, na uso wake ukabadilika.

"Moyo huu unasimama," akasema. "Unasimama sekunde nne, unafikiri, kisha unaendelea. Siku moja utafikiri, usiendelee. Anahitaji kuwekewa kifaa cha kuuendesha. Wiki hii."

"Na akiacha kutembea?" akauliza karani mmoja.

"Ras al-Barr imekwenda."

"Na akiendelea?"

Fikri akazikunja karatasi. Pasi ya Ami Wadii ilikuwa imesimama.

"Mimi nasema tu," karani akaendelea, sauti chini, "huyu si mgonjwa wetu. Hana kadi."

Sista Inshirah akamtazama mpaka akainamisha kichwa. "Binti zangu wameshanunua nguo za kuogelea," akasema. Akavuta pumzi. "Nenda kamwambie, daktari. Sasa hivi."

Daktari Fikri akashuka mkahawani, akamwambia. Alimwambia vizuri, kwa utaratibu, na karatasi mkononi. Rifaat alisikiliza hadi mwisho kwa heshima ya fundi anayemtazama fundi mwenzake.

"Moyo wangu unasimama," akasema.

"Unasimama."

"Nami sijui."

"Hujui."

"Daktari wangu, mimi maneno hayo niliyauza Damieta miaka mitatu. 'Hajati, moyo wako unaruka, nauona usoni.' Wewe umeongeza karatasi, hongera, karatasi nzuri. Lakini sema kweli: mnataka nishushe ada, siyo?"

"Mtu wangu, utakufa!"

"Hapo umezidisha chumvi," akasema Rifaat kwa huruma. "Neno la kufa unaliweka mwisho. Ukianza nalo, mteja anashtuka." Akainuka kwenda kumalizia hatua elfu nne zilizobaki, na ada akaipandisha.

Fikri alirudi juu, akazitupa karatasi mezani. "Haamini! Nimemwambia kweli tupu!"

"Ndilo kosa lako," akasema Inshirah. "Mtu huyu kweli haijawahi kumfanyia kitu." Akageuka, akamtazama Ami Wadii aliyeinama juu ya shuka. Wadii alikuwa mrefu, mwenye masharubu meupe na uso wa mtu aliyezaliwa kurithi. Ungemwona ameshika pasi, ungedhani pasi ndiyo iliyoajiriwa. "Ami Wadii," akasema, "umewahi kufuga kuku?"

"Wawili. Juu ya paa."

"Kuanzia leo wako laki mbili. Vua aproni."

Alasiri ile Inshirah alimfuata Rifaat mkahawani, akakaa, akanong'ona bila kumtazama.

"Kapteni, nasikia ulikuwa unauza ardhi ya jangwani. Bado unayo?"

Rifaat alikuwa anajikanda miguu. Akaacha. "Inategemea nani anauliza."

"Kuna mzee kitanda namba sita. Ana mabanda ya kuku mjini Mahalla, na nyumba tatu. Anataka kununua ardhi kabla wanawe hawajamla akiwa hai. Anatoka Jumapili."

"Nitakwenda kumwona. Nitachukua machungwa."

"Wanawe wamekataza wageni. Kwenye chumba kile haingii ila mgonjwa."

Rifaat akawaza kwa muda wa kumeza mate. "Kitanda namba saba kina mtu?"

"Hakina. Na mimi nataka fungu langu."

Hilo la fungu ndilo lililomtuliza. Angemwambia bure, angekula kona.

"Bila shaka, Sista. Kwa hiyo naumwa nini?"

"Moyo. Mapigo yanasimama. Giza linakujia machoni, dunia inakwenda mbali, kisha inarudi."

"Hiyo naiweza kabisa," akasema Rifaat. "Inanitokea kila siku."

Jumanne akalazwa. Alikuja na pajama iliyopigwa pasi na uso aliouandaa njiani, na wodi nzima inakumbuka jinsi alivyoingia: kiganja kifuani, hatua fupi, jicho moja tu ndilo linalotafuta kitanda namba sita. Daktari Fikri akamfunga nyaya, akaiangalia karatasi inavyotoka, jasho likamtoka yeye.

"Naigizaje?" Rifaat akamnong'oneza.

"Vizuri mno," akasema Fikri. "Tafadhali usiongeze kitu."

Kwenye kitanda namba sita alilala Ami Wadii ndani ya joho la hariri la Daktari Fikri, anatazama dari kwa uchovu wa matajiri. Alikuwa ameagizwa aseme "Inshallah" na kuguna, basi. Lakini mtu aliyefua mashuka ya wakubwa miaka thelathini huwa amesikia mengi.

"Ardhi hiyo ina maji?" akauliza siku ya kwanza, hata kabla ya salamu kwisha.

"Mzee wangu, maji! Ukichimba lazima uwe na ndoo karibu."

"Mm. Na upepo unatoka upande gani? Kuku wangu wana vifua."

Rifaat hakuwahi kupata mteja wa namna hii. Aliuliza kuhusu nge. Aliuliza kama jogoo akiwika kule anasikika barabarani. Halafu, saa sita mchana, chakula cha hospitali kilipoletwa, alisukuma sinia pembeni kwa kidole kimoja.

"Siwezi kufanya biashara nikiwa na tumbo la wali usio na chumvi," akasema. "Mahalla mimi nakula njiwa."

Njiwa wa kujazwa ngano akaletwa kutoka mjini kwa gharama ya Rifaat. Jioni akaletwa mwingine. Jumatano walikuwa watatu, na fatiri, mkate wa tabaka wa siagi, juu yake, maana mzee alisema njiwa peke yake humfanya awe na mashaka na watu. Rifaat alilipa kwa moyo mkunjufu. Mkulima halii anapotupa mbegu.

Jumatano hiyo hiyo Daktari Fikri akaja na fomu, akakaa ukingoni mwa kitanda namba saba. Alikuwa ameapa kwamba uongo auseme Inshirah, yeye hausemi.

"Rifaat, nisikilize. Moyo wako unasimama. Kesho nitakukata hapa chini ya bega, nitaweka kifaa kidogo chenye nyaya zinazoingia moyoni. Usipokubali, unaweza kufa wakati wowote. Ukikubali, una hatari ndogo ya kuvuja damu na maambukizi. Umeelewa kila neno?"

Rifaat akamkonyeza. Fikri akarudia yote tangu mwanzo. Rifaat akakonyeza tena, safari hii kwa jicho la pili.

"Anakataa?" akauliza Ami Wadii kutoka namba sita, kwa sauti ya kukata tamaa. "Basi atarudishwa nyumbani leo. Pole. Nilikuwa nimepanga tuandikiane Jumamosi." Akajifunika joho, akageukia ukutani.

Rifaat akaitazama fomu. Akautazama mgongo ule wa hariri. Kukatwa ni kukatwa, hata kama ni mchezo, naye aliogopa sana damu, hasa ya kwake. Aliwaza kwamba watamchana kidogo tu juu juu, kwa ajili ya macho ya watu, na kufunga bandeji. Aliwaza kuku laki mbili. Akachukua kalamu, akasaini. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Wahenga hawakuwahi kulazwa kitanda namba saba.

Alhamisi saa nne asubuhi akaingizwa chumba cha upasuaji, ganzi ikamfanya alegee, na Fikri akafanya kazi kwa saa moja na nusu bila kuomba sigara. Katikati ya kazi moyo wa Rifaat ulisimama. Sekunde nne, tano, sita, saba. Sista Inshirah aliyekuwa kichwani pake akaanza kumwita kwa jina, si Kapteni, jina lake, kwa sauti ambayo wauguzi wake hawajawahi kuisikia. Kifaa kikashika. Moyo ukaondoka kwa mwendo wa adabu, pigo kwa pigo, na tangu hapo haukusimama tena kufikiri.

Jumamosi asubuhi Rifaat aliamka, akajiweka sawa, akachana nywele kwa mkono mzima. Kitanda namba sita kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limetandikwa vizuri mno, pembe kwa pembe.

Mlango ukafunguliwa. Ami Wadii akaingia na aproni yake, anasukuma toroli la mashuka machafu.

"Asubuhi njema, Kapteni," akasema. "Inua miguu." Akabadilisha shuka la chini, akatoka.

Rifaat akaitazama aproni hadi mlango ukafungwa. Kisha Sista Inshirah akaingia, akavuta kiti, na kuweka mapajani pa Rifaat karatasi zote, za siku kumi na nne alizotembea na siku nne alizolala. Hakumficha kitu. Rifaat alizisoma moja moja. Alipofika ile ya Alhamisi, mahali ambapo mstari unakwenda moja kwa moja bila kilima, kidole chake kikabaki pale.

"Hii ni nini?"

"Hapo ulikufa kidogo."

Akaondoa kidole. Aliuliza kwanza jambo la kiufundi. "Mpango wa nani?"

"Wangu."

"Fungu lako uliliomba makusudi."

"Makusudi."

"Na yule mzee kula njiwa?"

"Hapo alijiongeza mwenyewe."

Rifaat akatikisa kichwa kwa heshima. "Mmenipiga changa la macho safi kabisa," akasema. "Ila kuna kitu sikioni. Faida yenu iko wapi? Kifaa hiki ni ghali. Nani kalipa?"

"Serikali. Lakini serikali hailipi bila ushahidi, na foleni yake ni miezi. Ushahidi tuliokuwa nao ni wa bangili, na bangili zilikuwa na majina yetu. Ilibidi tumwandikie Daktari Thurayya kwamba moyo huu si wetu, ni wako, na kwa nini uko kwenye mikono yetu. Tumesaini wote kumi na mmoja. Baada ya hapo aliyasukuma malipo mwenyewe kwa simu, na ndani ya siku moja yakakubaliwa."

"Na Ras al-Barr?"

Inshirah akainua mabega. "Bahari haihami."

"Hata Daktari Fikri kasaini?"

"Wa kwanza. Alikutukana mpaka wino ukakauka."

Sasa Rifaat alikuwa amepotea kabisa. Katika miaka thelathini alimjua kila mtu kwa bei yake, na bei ya watu hawa aliijua, aliwapangia yeye mwenyewe pale mkahawani. "Sista, mimi niliwadanganya," akasema. "Makomando hawakuwepo. Siku ya kwanza nilikutia kwenye sufuria ya peremende. Kwa nini?"

Inshirah alizikusanya karatasi, akazigonga magotini zikae sawa.

"Kila jioni nikifungua simu," akasema, "juu pameandikwa Inshirah, na chini yake moyo wako. Unapanda sokoni, unashuka ukikaa, unajikwaa, unaamka. Nimekusoma wiki mbili kwa jina langu, ami. Ningekuachaje?"

Rifaat Bayumi, mtu aliyewahi kumjibu hakimu, akageuza uso dirishani. Akalia, na hakujificha.

Idara ya afya haina mzaha na takwimu zake. Wote kumi na mmoja walipewa barua za onyo na adhabu: kila Alhamisi baada ya kazi, kwa mwaka mzima, hatua elfu kumi kuuzunguka uwanja wa hospitali, kwa miguu yao wenyewe, mbele ya bwana mmoja kutoka idarani mwenye filimbi. Alhamisi ya kwanza wagonjwa wa ghorofa zote walijaa madirishani. "Daktari, acha sigara!" wakapiga kelele. "Sista, punguza chumvi!" Ni watu walioambiwa maneno hayo miaka mingi, na waliyasema kwa raha isiyo kifani.

Alhamisi ya nne lango likafunguliwa, akaingia mtu wa kanzu, amekonda kidogo, anakwenda polepole. Bwana wa filimbi akamzuia.

"Mzee, pita kando. Hapa si bustani. Hii ni adhabu ya watumishi."

"Najua."

"Wewe ni mtumishi?"

"Hapana."

"Sasa unauza nini?"

"Siuzi kitu," akasema Rifaat, na kwa kuwa lilikuwa neno geni kinywani mwake, akalirudia. Akampita, akaingia uwanjani.

Daktari Fikri alikuwa mbele, anakohoa. Wauguzi walifuata wawili wawili. Sista Inshirah alikuwa wa mwisho, mbali, ameshika kiuno. Rifaat akamfikia, akashika mwendo wake. Wakaenda robo nzima ya uwanja, madirisha yote yanawashangilia.

"Daktari wako anajua umekuja?" akauliza Inshirah hatimaye.

"Anajua. Kasema nitembee, lakini nisiharakishe."

"Na nani hapa anaharakisha?"

"Mimi nasema tu," akasema Rifaat, na wakaanza mzunguko wa pili.